Umri wa Mashaka

Ipo nchi moja inaitwa Tulizana, na msomaji akitaka kujua iko upande gani wa ramani amwulize mtu mwingine, maana mimi nina watoto wanaonitegemea. Ni nchi nzuri. Barabara zake zina matuta, matuta yana vibao, na kila kibao kina picha ya Rais, Mzee Mwenyewe, akiwa kijana wa meno yote. Picha hiyo haijabadilishwa tangu ilipobandikwa, kwa hiyo katika Tulizana raia wote wanazeeka isipokuwa mmoja.

Katika mji mdogo wa Kisokotwa aliishi Bi. Sijaona Mkwepu, fundi wa kushona sare za shule, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu na hasira za karibu zaidi. Siku za mahakama alifunika cherehani yake, akavaa gauni la kitenge lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akaenda kukaa kushoto kwa hakimu. Alikuwa mshauri wa Mahakama ya Vijana. Katika mahakama hiyo hakimu haketi peke yake. Huketi na raia wawili ambao hawakusomea sheria, ili mtoto asihukumiwe na vitabu vitupu, ahukumiwe pia na watu waliowahi kumfuta mtoto makamasi. Kura zao tatu zina uzito mmoja, na ndiyo sababu Serikali iliwaangalia sana washauri hao.

Kama kila mtu mwenye akili zake Tulizana, Bi. Sijaona alikuwa na umri zaidi ya mmoja. Umri wa nyumbani ulikuwa sitini na nane, huo aliujua yeye, Mungu na magoti yake. Umri wa kazini ulikuwa hamsini na sita, aliouandikisha alipoomba kazi ya ushauri, na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu karani aliyeuandika alikuwa na wake wa namna hiyo hiyo. Halafu ulikuwapo umri wa tatu, hamsini na moja, ambao alikuwa amemtajia mtu mmoja tu, Bwana Hamduni.

Bwana Hamduni alikuwa mpiga picha za pasipoti, mwenye kibanda ubavuni mwa mahakama. Alikuwa mgane, mtanashati, mwenye nywele nyeusi tii, na kwa kauli yake mwenyewe alikuwa na miaka sitini kasoro kidogo. Kila asubuhi ya mahakama alimletea Bi. Sijaona vitumbua vya moto vimefungwa kwenye gazeti, na gazeti lenyewe alilichagua lisiwe na habari za vifo. Posa ilikuwa njiani. Mji mzima ulikuwa unaisubiri, na Bi. Sijaona alikuwa anaisubiri kuliko mji.

*

Sasa kulikuwa na kesi. Mshtakiwa alikuwa msichana anayeitwa Zawena, na shtaka lake lilikuwa Kumtangulia Mgeni Rasmi.

Msomaji wa nchi nyingine huenda hajui uzito wa kosa hilo. Serikali ilikuwa imejenga bomba la maji mtaa wa Zawena. Bomba likakamilika, likafungwa utepe wa rangi za taifa, na wananchi wakaambiwa wasiliguse mpaka Mgeni Rasmi aje alizindue. Wananchi wakasubiri, kwa sababu katika Tulizana kusubiri ni sehemu ya mtaala. Siku ya uzinduzi yenyewe ilipofika, kabla jua halijachomoza vizuri, mama yake Zawena akajifungua mtoto wa kiume nyumbani, na ndani hakukuwa na hata kikombe cha maji. Zawena akachukua ndoo, akauvuta utepe pembeni kwa adabu bila kuukata, akakinga maji. Mdogo wake akaogeshwa, yeye akakamatwa.

Alikuwa na miaka kumi na mitano. Katika Mahakama ya Vijana adhabu ya kosa lile ni kukaripiwa na kupanda mti. Katika mahakama ya watu wazima ni miaka saba jela, bila faini, kwa sababu Serikali iliona mtu mzima anayemtangulia Mgeni Rasmi leo, kesho atajaribu kumtangulia kwenye uchaguzi. Kwa hiyo jambo lilikuwa jepesi kabisa: kesi iishe kabla Zawena hajafikisha miaka kumi na minane. Kila mtu aliamini itaisha kabla ya chakula cha mchana.

Ingeisha kweli, kama si umri wa kustaafu washauri.

Kesi ilipoanza, mshauri wa kulia alikuwa mjomba wake Waziri wa Umri. Ndiyo, Tulizana ina Wizara ya Umri, na ina magari. Ushahidi ukasikilizwa wote, ikabaki hukumu tu, na mjomba akatimiza miaka sitini ya kazini, ambayo ndiyo ilikuwa mwisho wa ushauri. Akaondoka, akaletwa mwingine, na sheria inasema mshauri akibadilika kesi inaanza upya. Ikaanza upya. Ilipokaribia kuisha, Waziri akagundua kwa njia ya utafiti kwamba mtu wa miaka sitini bado ana nguvu nyingi, hasa akiwa mjomba, akapandisha umri wa kustaafu hadi sabini. Mjomba akarudi kwenye kiti chake. Kesi ikaanza upya. Mara mjomba akateuliwa kuwa balozi katika nchi yenye baridi, na nafasi yake ikatakiwa na Jumuiya ya Vijana wa Chama.

Ndipo Waziri akahutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali yenu sikivu imesikia kilio cha vijana. Mahakama ya Vijana haiwezi kuongozwa na watu waliokwisha kuusahau ujana. Kuanzia sasa mshauri atastaafu akivuka miaka hamsini na tano, ili tupate damu changa. Lakini Serikali yenu pia inaheshimu busara. Kwa hiyo mshauri aliyevuka miaka sabini na tano hatastaafu kamwe. Huyo atatambuliwa kuwa Hazina ya Taifa." Hapo aliinua sauti kidogo, maana Mzee Mwenyewe alikuwa amevuka umri huo zamani na pengine alikuwa anasikiliza. "Chini ya hamsini na tano mtu ana nguvu. Juu ya sabini na tano mtu ana hekima. Katikati hapo, ndugu zangu, wataalamu wetu wametuthibitishia kwamba mtu ana kiungulia tu. Kipindi hicho kitaitwa Umri wa Mashaka."

Wananchi walipiga makofi, kila mmoja nyumbani kwake, madirisha yakiwa wazi ili jirani asikie.

*

Damu changa iliyoletwa Kisokotwa iliitwa Komredi Dunstani Pweleza, naibu mweka hazina wa Jumuiya ya Vijana. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na alikuwa nayo kwa muda mrefu. Alikuja na fulana ya Chama, kitambi cha haja na simu mbili, na kesi ya Zawena ikaanza upya kwa sababu yake.

Bi. Sijaona naye alipaswa kuondoka siku ile ile, kwa kuwa hata umri wake wa kazini ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mashaka. Aliyemwokoa ni Afisa Umri wa Wilaya, Bwana Tegemeo Chilongola, mwenye kazi ya kuhakiki washauri wote. Gari lake halikuwa na mafuta. Basi kesi ikaendelea huku mshauri mmoja akistaafishwa na sheria na kubakizwa na tangi tupu.

Washauri wenzake katika wilaya hawakungoja. Mji ukashikwa na homa ya uzee. Vinyozi waliokuwa wakipaka watu kanta nyeusi wakaanza kupaka nyeupe. Fimbo za kutembelea zikaadimika madukani. Nje ya ofisi ya Afisa Umri watu wa miaka sitini na mitatu walijipanga foleni wakifanya mazoezi ya kukohoa, na mwanamume mmoja aliyeruka mfereji kwa bahati mbaya alipigiwa kelele na kurudishwa nyuma ya foleni.

"Nenda na wewe ukaongeze, shoga yangu," jirani yake Bi. Sijaona alimshauri. "Useme sabini na sita, uhakikiwe, ukae kwenye kiti chako mpaka Mungu akuite."

"Sabini na sita? Mimi?" Bi. Sijaona aliacha kukanyaga cherehani. "Na Bwana Hamduni nimwambie nini? Kwamba wiki iliyopita nilikuwa hamsini na moja halafu nikalala vibaya?"

"Basi utaondolewa."

"Waniondoe. Sitajizeesha kwa ajili ya kiti."

Alisema hivyo na alimaanisha. Alikuwa na aibu yake na fahari yake, na vyote viwili vilikuwa vinamngoja Bwana Hamduni alete posa. Lakini siku ya mahakama ilipofika, fahari hiyo ilianza kumkaba.

Maana Zawena alikuwa amerefuka kizimbani. Sare aliyokuja nayo, ambayo Bi. Sijaona aliitambua kwa mshono wake mwenyewe, ilikuwa imeishia juu ya magoti, na mahabusu wenzake walikuwa wamemwongezea kipande cha shuka. Kesi aliijua kwa moyo. Askari aliyemkamata alipokuwa akitoa ushahidi kwa mara nyingine akakwama, akakuna kichwa, na Zawena akamsaidia.

"Hapo afande huwa unasema ndoo ilikuwa ya bluu."

"Ahsante, binti," askari akasema. "Ndoo ilikuwa ya bluu."

"Halafu mheshimiwa hakimu anakuuliza ilijaa au haikujaa."

"Ilijaa au haikujaa?" akauliza Hakimu Msabaha, mtu mpole aliyeogopa mambo mawili duniani, kukatiwa rufaa na kuhamishwa.

"Ilijaa nusu," wakajibu askari na mshtakiwa kwa pamoja.

Watu walicheka. Bi. Sijaona naye alicheka, kisha akaona msichana mwenyewe hachekelei, anafuata tu utaratibu kama mtoto anayeimba jedwali la kuzidisha. Nyuma ya chumba mama yake alikuwa amempakata yule mdogo wake, ambaye sasa alikuwa na meno na maswali, na alikuwa anauliza kwa sauti yule dada ni nani. Bi. Sijaona akainamisha kichwa. Aliona uchungu kweli, uchungu wa mtu aliyekaa kwenye kiti muda wote huo na hajamaliza kazi.

*

Siku ya washauri kutoa maoni ilipangwa juma lile lile ambalo Zawena angetimiza miaka kumi na minane. Hakukuwa na nafasi ya kuteleza hata kidogo. Hakimu alikuwa ameshavaa miwani, Komredi Dunstani amezima simu moja kati ya mbili, na Bi. Sijaona amefungua kinywa, ndipo mlango ukafunguliwa na akaingia Bwana Tegemeo Chilongola. Gari lilikuwa limepata mafuta.

"Simamisheni!" alisema, akiwa na muhuri mkononi kama mtu aliyekuja kupiga chapa ng'ombe. "Nina taarifa kwamba ndani ya mahakama hii kuna mshauri aliye katika Umri wa Mashaka."

Kila mtu akamtazama Bi. Sijaona. Komredi Dunstani akamtazama zaidi, kwa kuwa alikuwa na shemeji aliyekuwa anatafuta nafasi.

"Bwana Afisa," Hakimu Msabaha akasema kwa unyonge, "tumebakiza maoni tu. Kama dakika chache hivi."

"Mheshimiwa, umri haungoji. Mshauri huyu ameandikishwa miaka hamsini na sita. Anastaafu hapa hapa alipokaa. Ataletwa mwingine, na kesi itaanza upya."

Zawena akainua mkono kama aliye darasani.

"Shikamoo, mheshimiwa Afisa."

"Marahaba."

"Ikianza upya nitakuwa mtu mzima. Nitapelekwa kule kwa watu wazima."

"Hongera," akasema Afisa Umri, na hakuwa na ubaya, ndivyo alivyofundishwa kumjibu mtu anayekaribia siku ya kuzaliwa.

Mama yake Zawena akatoa sauti moja tu, ndogo, halafu akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Bi. Sijaona akaisikia. Akageuza shingo kuelekea mlangoni, na pale mlangoni alikuwa amesimama Bwana Hamduni, shati jeupe, nywele tii, na kifurushi cha vitumbua ambacho siku hiyo alikuwa amekifunga kwa utepe mwekundu. Alielewa utepe ule una maana gani. Alitamani ardhi impe dakika moja tu ya kuufurahia.

Kisha akasimama.

"Bwana Afisa, umepotoshwa," alisema, na sauti yake ilifika barabarani. "Mimi nina miaka sabini na sita. Ni Hazina ya Taifa."

Kifurushi cha vitumbua kikashuka polepole ubavuni mwa Bwana Hamduni. Bi. Sijaona hakuthubutu kumtazama tena, akakazia macho kalenda ya ukutani, ambako Mzee Mwenyewe alikuwa anamchekea kwa meno yake yote.

*

Inafaa kueleza hapa jinsi umri unavyothibitishwa Tulizana. Zamani vyeti vya kuzaliwa vya nchi nzima vilihifadhiwa kwenye ghala moja, na mchwa wakavisoma vyote. Tangu hapo umri wa mtu huthibitishwa na shahidi aliyewahi kumbeba akiwa mchanga. Sharti shahidi huyo awe amemzidi kwa miaka saba au zaidi, kwa kuwa wataalamu walikubaliana kwamba mtoto wa chini ya hapo habebi, anaburura.

"Sabini na sita," Afisa Umri alirudia, akipiga hesabu kwa vidole. "Basi unahitaji shahidi wa themanini na tatu kwenda juu. Yuko wapi aliyekubeba?"

Bi. Sijaona hakuwa amefikiria mpaka huko. Aliyembeba kweli alikuwa dada yake, na dada alikuwa chini ya udongo. Akayazungusha macho chumbani: wazee wote wa mji walikuwa kwenye foleni ya kukohoa.

"Hayupo," akasema Afisa, akaanza kuupulizia muhuri. "Basi mshauri..."

"Nipo," ikasema sauti mlangoni.

Bwana Hamduni alipita katikati ya watu, akaweka vitumbua juu ya meza ya karani, akasimama mbele ya hakimu akiwa amenyooka.

"Nilimbeba mimi," alisema. "Nina miaka themanini na mitatu."

Watu waliguna. Komredi Dunstani akacheka kwa sauti. "Huyu? Si alituambia ana sitini? Tazameni kichwa kilivyo cheusi!"

Bwana Hamduni akaomba radhi, akachukua bilauri ya maji ya hakimu, akalowesha leso yake nyeupe na kuanza kujifuta kichwa. Alijifuta taratibu, kama anavyosafisha lenzi ya kamera. Kanta ikamtiririka mashavuni na kuingia kwenye kola ya shati lake zuri, leso ikawa nyeusi, na kichwa kikatokea cheupe kama pamba iliyopasuka shambani. Bi. Sijaona alimtazama sasa. Hakuwa amewahi kumwona mtu akijivua fahari yake mbele ya umati kwa ajili ya mwenzake, na alijua kwamba hata akifukuzwa kazi, akikosa posa, akifa kesho, hatakisahau kichwa kile.

Afisa Umri hakuguswa. Alikuwa na kitabu cha kanuni.

"Kanuni ya tisa," akasoma. "Shahidi ataonyesha kwa vitendo jinsi alivyombeba mhusika."

"Kwa vitendo vipi?" akauliza hakimu.

"Kwa kumbeba, mheshimiwa. Mgongoni, kwa mbeleko. Mzunguko mmoja."

Hakimu Msabaha akamtazama Bi. Sijaona, unene wake wote, kisha Bwana Hamduni, wembamba wake wote, akavua miwani asishuhudie. Mama yake Zawena akaifungua kanga yake kiunoni, akabaki na gauni, akaileta mbele. Wanawake wawili wakasaidia kufunga. Bwana Hamduni akainama, akashika magoti, Bi. Sijaona akajitupa mgongoni kwake huku akimwomba Mungu amsamehe kila chapati aliyowahi kula, na mpiga picha yule, kwa mlio uliofanana na mlango wa zamani, akanyanyuka.

Wakaanza kuzunguka chumba.

"Bi. Sijaona," Bwana Hamduni alinong'ona walipokuwa wanapita kwenye kona ya karani, "kweli kabisa una ngapi?"

"Sitini na nane," akajibu sikioni kwake. "Na wewe?"

"Sabini na mbili. Usicheke, nitakuangusha."

"Nimekudanganya, Bwana Hamduni."

"Tumedanganyana. Jishike vizuri, bado kizimba."

Walipofika kizimbani magoti ya Bwana Hamduni yakapinda, watu wakasema "Aaaa!", na Zawena akanyoosha mikono yote miwili kutoka ndani ya kizimba, akausukuma mgongo wa Bi. Sijaona mpaka msafara ukanyooka tena. Afisa Umri alifikiri kidogo kama msaada wa mshtakiwa umekatazwa na kanuni. Haukuwa umetajwa. Mzunguko ukakamilika, Bwana Hamduni akashusha mzigo wake kitini kwa heshima, na Afisa akagonga muhuri: HAZINA YA TAIFA. Aliugonga kwanza kwenye karatasi, halafu, kwa mazoea, akaugonga kwenye mkono wa Bi. Sijaona.

*

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Hazina ya Taifa hutoa maoni kabla ya mtu mwingine yeyote, na Bi. Sijaona alikuwa bado anahema.

"Mtoto alichota maji," alisema. "Maji yalikuwa ya kuchotwa. Simwoni mkosaji hapa, labda sisi. Aachiwe, aende kwao leo, si kesho."

Ikawa zamu ya Komredi Dunstani. Alikuwa amemwahidi shemeji yake kiti cha Bi. Sijaona, na alikuwa amejiandaa kusema msichana ana hatia kubwa. Lakini alikuwa ameishi ndani ya Jumuiya ya Vijana kwa miaka mingi sana, na katika miaka yote hiyo, kila alipopewa nafasi ya kusema baada ya mkubwa wake, alikuwa na sentensi moja tu. Akasimama, akavuta fulana juu ya kitambi, na mdomo ukatangulia mwenyewe.

"Naunga mkono asilimia mia moja."

Alipogundua alichosema karani alikuwa ameshakiandika. Hakimu Msabaha, akiona kura mbili zimetosha na hawezi kulaumiwa na yeyote, akatangaza kwa sauti ya kishujaa kwamba mshtakiwa hana hatia. Mama yake Zawena akapiga vigelegele, na wanawake wote wakampokea.

"Mshtakiwa," akasema hakimu kelele zilipotulia, "sheria inakupa nafasi ya kuishukuru Serikali."

"Naishukuru Serikali," akasema Zawena. Kisha akainua mkono. "Mheshimiwa, naomba kuuliza."

"Uliza, binti."

"Yule Mgeni Rasmi niliyemtangulia. Alikuja?"

Hakimu akamtazama mwendesha mashtaka, mwendesha mashtaka akamtazama karani, karani akafunua faili, akafunua tena. Ndani mlikuwa na rangi ya ndoo, urefu wa utepe, na mkono uliotumika kufungulia. Hilo halikuwamo. Mwishowe macho yote yakaishia kwa askari aliyemkamata.

"Hakuja," akasema askari, akitazama viatu vyake.

"Kwa nini?"

"Mgeni Rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri wa Umri. Siku hiyo alikuwa nyumbani kwake kwenye sherehe. Alikuwa anatimiza miaka arobaini na tisa."

"Tena?" akauliza mtu nyuma, na hakuna aliyecheka.

"Mimi nilidhani," Zawena akasema polepole, "angalau alikuja akanywa."

Bi. Sijaona aliona haya ambayo hakuwahi kuyaona maishani, hata alipokuwa mgongoni. Alikuwa ameisikiliza kesi ile tangu ilipoanza mara ya kwanza. Alikuwa ameuliza habari za ndoo, tena aliziuliza kwa umakini, na swali hilo moja halikumjia. Akateremka kutoka kitini, akamshika Zawena mkono, akatoka naye, na mji mzima ukawafuata, Bwana Hamduni akiwa nyuma, ameshika kiuno.

Bomba lilikuwa pale pale, limefungwa mnyororo, utepe umepauka, na askari mwingine analilinda. Aliwaona watu wanakuja, akasimama wima.

"Fungua," akasema Bi. Sijaona.

"Siwezi, mama. Linamsubiri Mgeni Rasmi."

"Basi mtazame kama anakuja."

Askari, ambaye alikuwa mtiifu, akatazama barabara upande wa juu, kisha upande wa chini, kwa muda wa kutosha. Hakukuwa na gari. Kulikuwa na mbuzi mmoja. Akamtazama yule msichana aliyevaa sare iliyoungwa kwa shuka, na mdogo wake aliyekuwa sasa amemshika mguu akimwuliza jina lake. Akatoa ufunguo mfukoni.

Maji yalikohoa, yakatema kutu, halafu yakatoka. Zawena akakinga mikono, akanywa wa kwanza, na hakuna aliyemharakisha.

Katika taarifa za Wizara bomba lile bado halijazinduliwa. Kila mwaka linatajwa bungeni kama mradi uliokamilika na unaosubiri tarehe ya Mgeni Rasmi, na wananchi wa Kisokotwa, wanapojipanga asubuhi na ndoo zao, wanamwombea Mheshimiwa maisha marefu, miaka arobaini na tisa isiyokwisha, na sherehe kila siku.